Namba ya jaladani isikuzuge: jinsi ya kuandika historia ya JoJo kwenye daftari lako

Kitabu kilitoka kwenye Noah. Nilikuwa bandarini Dar nakagua gari la mteja kabla halijatoka, nikainua kifuniko cha tairi la spea, na pembeni ya jeki palikuwa na kijitabu cha mkononi, jalada limechakaa, Kijapani kitupu. Kazi ya kutoa magari bandarini naifanya mwaka wa 13 sasa. Nimeshakuta miavuli, sarafu za yeni, hata kiatu kimoja cha mtoto. Kitabu cha katuni sikuwahi. Mteja mwenyewe, mzee wa Kigamboni, nilipomkabidhi alikigeuza mara mbili akanirudishia. "Chukua wewe, mwanangu. Mimi nimefuata gari."

Usiku nikakifungua. Kijapani sisomi, ila picha zinasomeka. Meli inateketea. Kijana mwenye mabega kama mbeba magunia anafia humo, kakikumbatia kichwa cha adui yake. Mkewe anaokoka ndani ya jeneza, mkononi ana mtoto mchanga wa mtu mwingine. Nikajua hadithi imekwisha. Nafunua ukurasa, naona mji mwingine, enzi nyingine, kijana mwingine kabisa, na kitabu bado kinaendelea!

Mpwa wangu akachungulia begani kwangu. "Mjomba, hiyo JoJo. Sehemu ya kwanza inaishia hapo, ya pili inaanza."

"Sasa mbona kitabu ni kimoja?"

Hakuwa na jibu. Mimi ndiyo nikaanza kulitafuta, na leo nina daftari zima la kurasa 96 lenye historia ya uchapishaji wa *JoJo's Bizarre Adventure* ya mchora katuni wa Kijapani Hirohiko Araki, tangu 1987 hadi sasa. Watu huniuliza nimeipangaje bila kuchanganyikiwa. Nimepanga hivi.

Chora safu nne kabla hujaandika hata mwaka mmoja

Gari la Japani lina namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, na namba ya usajili iliyofungwa kwa skrubu. Ya kwanza haibadiliki hata gari lizunguke dunia. Ya pili kila nchi inafunga ya kwake. Ukikagua gari kwa kuangalia namba ya usajili peke yake, utatolewa na gari la mtu mwingine.

Manga, yaani katuni za Kijapani, nayo ndivyo ilivyo. Hadithi hutoka kwanza kwenye jarida, sura moja moja. Hilo ndilo chasisi. Baadaye sura hukusanywa kwenye kitabu kidogo chenye namba jaladani, hilo ndilo juzuu. Miaka ikipita, mchapishaji huzipanga upya sura zilezile kwenye vitabu vya umbo lingine, vyenye namba nyingine. Kisha zinatafsiriwa, na kila nchi inaanza namba zake. Kwa hiyo safu zako ni jarida, juzuu la kwanza, matoleo ya kupanga upya, na tafsiri. Usije ukachanganya safu mbili. Makosa mengi niliyoyakuta kwenye orodha za mitandaoni ni namba ya safu ya nne iliyoandikwa kwenye safu ya pili.

Safu ya jarida

Andika jina la jarida, mwaka na namba ya toleo. JoJo ilianza kwenye Weekly Shōnen Jump la kampuni ya Shueisha, toleo la 1-2 la 1987. Usishangae hiyo "1-2". Jump hutoka kila wiki, lakini wakati wa sikukuu huunganisha matoleo mawili kuwa moja, likabeba namba zote mbili. Kwa hiyo mtu akihesabu wiki kwa kutoa namba ndogo kwenye kubwa, atapata wiki nyingi kuliko magazeti yaliyotoka.

Halafu jarida la Kijapani huuzwa kabla ya tarehe yake ya jaladani. Toleo hilo la kwanza la 1987 watu wa Japani walilinunua Disemba 1986. Ndiyo maana utakuta mmoja anasema JoJo ni ya 1986 na mwingine anashikilia 1987, wanatukanana bure. Wote wamesema kweli, mmoja anasoma tarehe ya duka, mwingine anasoma jalada. Chagua moja uifuate daftari zima. Mimi nafuata jalada, maana ndilo lililochapwa.

Sehemu tano za kwanza zilipita humo mfululizo. Ya kwanza ilimalizika ndani ya mwaka uleule wa 1987, ya pili ikaenda hadi 1989, ya tatu hadi 1992, ya nne hadi 1995, ya tano hadi 1999. Ya sita, Stone Ocean, ilianza 2000 ikaisha 2003.

Hadi hapo mambo ni laini. Mwaka 2004 ndipo yalipokorogeka. Araki alianza hadithi iitwayo Steel Ball Run, mbio za farasi za kuvuka Marekani, kwenye Jump lilelile, na jina la JoJo halikuwekwa kwenye kichwa. Zikatoka sura 23. Mwaka 2005 hadithi ikahamia Ultra Jump, jarida la Shueisha hiyohiyo ila la kila mwezi, la vijana wakubwa, linalotoka tarehe 19. Ilipofika huko ndipo ikatambulishwa wazi kuwa ni sehemu ya saba ya JoJo. Ni sawa na gari lililoendeshwa mwaka mzima kwa plati za muda, halafu siku moja likapewa usajili wa ukoo. Kwenye daftari langu nimeigawa hadithi hii katika mistari miwili, mmoja wa Jump na mmoja wa Ultra Jump, na nakushauri ufanye hivyo. Ukiandika mstari mmoja tu, "2004 hadi 2011", umekificha kisa kikubwa kuliko vyote katika historia hii.

Mfululizo mkuu wa JoJo haujarudi kwenye gazeti la wiki tangu hapo. Sehemu ya nane, JoJolion, ilikaa Ultra Jump kuanzia 2011 hadi 2021. Ya tisa, The JOJOLands, ikaanza 2023.

Safu ya juzuu, na hesabu inayowashinda wengi

Juzuu la 1 lilitoka Agosti 1987. Sehemu ya kwanza hadi ya tano zilitumia namba moja inayoendelea, kutoka 1 hadi 63. Hazikuanza upya kila sehemu. Sasa ziandike hivi:

Sehemu ya 1: juzuu la 1 hadi la 5
Sehemu ya 2: la 5 hadi la 12
Sehemu ya 3: la 13 hadi la 28
Sehemu ya 4: la 29 hadi la 47
Sehemu ya 5: la 47 hadi la 63

Umeona? Tano imetajwa mara mbili. Arobaini na saba pia. Kitabu changu cha kwenye Noah ni juzuu la 5, na ndiyo maana shujaa alikufa katikati na mwingine akazaliwa bila hata kubadilisha jalada. Jarida halisubiri kitabu kijae. Hadithi ikiisha wiki hii, nyingine inaanza, na mkusanyaji wa vitabu anajaza sura tisa au kumi bila kujali nani amekufa.

Ukihesabu kila sehemu peke yake utapata 5, 8, 16, 19 na 17. Jumlisha: 65. Lakini vitabu vilivyopo rafuni ni 63. Mbili zimehesabiwa mara mbili. Mpwa wangu alinibishia suala hili jioni nzima mpaka nikamwekea vifuniko vya soda mezani, kila kimoja juzuu moja. Alipofika cha tano akasimama. Akakitazama. Akakirudisha. "Haya, Mjomba."

Baada ya 63 namba ikarudi kwenye 1. Stone Ocean ina majuzuu 17 ya peke yake, Steel Ball Run 24, JoJolion 27. Kwa hiyo mtu akikuuliza JoJo ilikuwa na majuzuu mangapi JoJolion ilipokwisha 2021, jibu ni 63 na 17 na 24 na 27, yaani 131. Ukimwambia "iko ya 27" hujasema uongo, ila umesoma plati tu.

Gawanya sura kwa majuzuu

Hii sikuambiwa na mtu, niliigundua nikiwa kwenye foleni ya benki na kikokotoo cha simu. Chukua idadi ya sura, gawanya kwa idadi ya majuzuu. Sehemu tano za kwanza zina sura 594 kwenye majuzuu 63, kama sura tisa na nusu kila moja. Stone Ocean ni sura 158 kwenye 17, tisa na ushei. Sawasawa.

Steel Ball Run: sura 95, majuzuu 24. Nne! JoJolion: sura 110, majuzuu 27. Nne tena.

Vitabu havikupungua unene. Sura ndizo zilizonenepa. Kwenye gazeti la wiki mchoraji anapewa kurasa chini kidogo ya 20. Kwenye la mwezi anapewa nafasi mara mbili au zaidi, na picha zenyewe zinaanza kupumua, uso mmoja unaweza kuchukua ukurasa mzima bila mtu kulalamika. Kwa hiyo hata kama ungekuwa hujui kabisa habari ya kuhama jarida, hesabu hiyo ya kugawanya ingekusimamisha pale kwenye Steel Ball Run ikuambie kuna kitu kimebadilika, nenda katazame. Naitumia sasa kwa manga yoyote ndefu. Wastani ukiruka ghafla, ama mfululizo umehama jarida, ama ratiba imebadilika.

Jinsi ya kusoma ukurasa wa chapa bila kujua Kijapani

Kitabu cha Kijapani hufunguliwa kutoka upande tunaouita sisi wa nyuma, kwa hiyo ukurasa wa taarifa za uchapaji uko karibu na jalada ambalo Mswahili angeliita la mbele. Tafuta kiboksi cha maandishi madogo chenye tarakimu.

Alama tatu zitakusaidia: 年 ni mwaka, 月 ni mwezi, 日 ni siku. Mimi nilikuwa nazijua tayari kwa sababu ziko kwenye vyeti vya magari vinavyotoka Japani. Ya nne ni 刷, maana yake chapa. Tarakimu iliyo kabla ya 刷 ndiyo inayokuambia nakala yako ni ya chapa ya ngapi. Kwa kawaida kuna mistari miwili. Wa juu ni chapa ya kwanza, wa chini ni chapa uliyoshika mkononi. Changu juu kinasema 1988, chini 1996. Maana yake juzuu hili lilizaliwa 1988, lakini karatasi hizi zilichapwa miaka minane baadaye. Muuzaji akikuambia "hii ni ya kwanza kabisa, ya 1988" huku anakuonyesha mstari wa juu, mwombe akusomee wa chini.

Vyeti vya magari mara nyingi huandika mwaka kwa enzi ya mfalme, na vitabu vingine vya Japani pia hufanya hivyo. Ukikuta mwaka mdogo, kama 5 au 12, ni hesabu ya enzi. Enzi ya Heisei jumlisha 1988, kwa hiyo Heisei 5 ni 1993. Enzi ya Shōwa jumlisha 1925, Shōwa 62 ni 1987, mwaka wa JoJo. Reiwa jumlisha 2018.

Mwaka wa chapa una kazi nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sisi wa pwani linatugusa. Sehemu ya tatu ni safari ya kutoka Japani hadi Misri, na vita vya mwisho vinapiganwa Cairo. Studio ya A.P.P.P. ilitengeneza katuni ya video ya sehemu hiyo, na humo adui mkuu, Dio, anaonekana akisoma kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa ni za Kurani. Wachoraji walinakili maandishi ya Kiarabu bila kujua wananakili nini. Mei 2008 malalamiko yalipofika, Shueisha na studio waliomba radhi, usambazaji wa video ukasimamishwa, na wa baadhi ya majuzuu pia, maana kwenye manga yenyewe kulikuwa na mapigano juu ya majengo ya misikiti na uharibifu wake. Michoro hiyo ikachorwa upya kwa chapa zilizofuata. Tafsiri ya Kiingereza iliyokuwa ikiendelea wakati huo nayo ikasimama kwa muda.

Mimi ni Mwislamu, na niliposoma habari hii nilikaa kimya kidogo, kisha nikafurahi kwamba waliomba radhi na kurekebisha. Kwa mwenye daftari, maana yake ni hii: nakala mbili za juzuu lilelile, namba ileile, jalada lilelile, zinaweza kuwa na picha tofauti ndani. Kwa majuzuu ya Misri andika mwaka wa chapa siku zote, na utie alama kama ni kabla au baada ya 2008.

Kumi na saba tatu

Safu ya tatu ilinigharimu pesa. Nilitaka sehemu ya tano, ile ya Italia, kwa Kijapani. Nikamwandikia jamaa mmoja wa Yokohama tunayefanya naye kazi ya magari: nitafutie JoJo, seti ya majuzuu 17. Nikatuma hela. Parseli ikafika posta, nzito, nikalipia, nikabeba kwa bodaboda. Nafungua: vitabu vikubwa, karatasi nzuri, na shujaa wa kwanza ni yule wa meli. Haikuwa sehemu ya tano hata kidogo.

Kosa lilikuwa langu. JoJo ina seti tatu za 17. Sehemu ya tano ina majuzuu 17 ukihesabu na lile la 47 la pamoja. Stone Ocean ina 17. Na kuna JoJonium, toleo la kupanga upya lililotoka kati ya 2013 na 2015, lenye sehemu tatu za kwanza kwenye vitabu 17: vitatu, vinne na kumi. Jamaa alininunulia hiyo. Usimwagizie mtu kwa idadi. Taja jina la sehemu, jina la toleo, na namba ya juzuu la kwanza na la mwisho.

Kuna toleo jingine la vitabu vidogo vya mfukoni, bunko, lililoanza 2002, ambalo limezikusanya sehemu sita za kwanza kwenye vitabu 50. Sura ni zilezile zilizojaza majuzuu 80. Liandike kwenye safu yake uendelee.

Tafsiri

Kwa Kiingereza, kampuni ya Viz ilianza 2005, tena ilianzia sehemu ya tatu. Ikatoa majuzuu 16. Kwa hiyo juzuu la 1 la Kiingereza la wakati huo ni la 13 la Kijapani. Ongeza 12 kila mara. Baadaye, 2015, wakarudi mwanzo na vitabu vya jalada gumu vilivyofuata mpango wa JoJonium, namba zikianza 1 kila sehemu, na sehemu ya nne ikaenea kwenye vitabu tisa tu. Mtu akikuambia "nina JoJo la 1 la Kiingereza", muulize la mwaka gani, maana majibu ni mengi.

Kwa Kiswahili safu hiyo kwenye daftari langu ni tupu.

Hadithi za pembeni

Ziwekee ukurasa wa nyuma, usizipachike katikati. Mfano mzuri ni zile za Rohan Kishibe, mchora manga aliyemo kwenye sehemu ya nne. Hadithi yake fupi ya kwanza ilitoka kwenye Jump 1997, wakati sehemu ya tano bado inaendelea, na ikaitwa hadithi ya 16. Hakukuwa na ya 1 wala ya 15. Nilizitafuta wiki mbili! Kitabu cha kukusanya hadithi za Rohan kilikuja 2013, miaka 16 baadaye. Nyingine ilitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya jumba la Louvre, Paris, 2009. Hizi panga kwa tarehe ya kutoka kwanza na uzipuuze namba zake kabisa.

Mistari yote ya daftari langu nimeiandika kwa kalamu ya wino, isipokuwa wa mwisho. Mstari wa JOJOLands uko kwa penseli, na kifutio nimekifunga kwa mpira kwenye jalada, kwa sababu Ultra Jump bado linatoka kila tarehe 19.